Kuondoa mbinu zilizopitwa na wakati kwenye tovuti: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Karibu kila mbinu inayoifanya tovuti ionekane ya kizamani leo iliwahi kuwa jibu la busara kwa tatizo la kweli. Watu walipanga kurasa kwa majedwali kwa sababu vivinjari vya miaka ya 1990 havikuwa na njia nyingine ya kuaminika ya kuweka safu mbili sambamba. Waliandika vichwa vya habari ndani ya picha kwa sababu kompyuta ya msomaji ilikuwa na fonti chache tu. Walitumia Flash, programu ya nyongeza ya kuchezesha video na katuni, kwa sababu kivinjari chenyewe hakikuweza kucheza video. Matatizo hayo yamekwisha, lakini majibu yake bado yapo kwenye tovuti nyingi, na anayegharamika ni mgeni: data yake inaliwa, muda wake unapotea, na mara nyingine anaondoka bila kupata alichokijia.

Kwa hiyo katika kazi hii yote utabeba swali moja na kuliuliza kwa kila kitu utakachokikuta: hiki kiliwekwa ili kutatua tatizo gani, na je, tatizo hilo bado lipo? Kama halipo, kiondoke. Kama lipo, litafutie jibu la leo. Mitindo ya rangi na mapambo sitaigusa sana, maana inakuja na kupita. Tovuti ya rangi mbili iliyoundwa miaka 15 iliyopita, lakini inasomeka kwenye simu yoyote, naiheshimu kuliko mpya inayometameta ambayo mtu mwenye macho hafifu hawezi kuisoma.

Hatua nimezipanga kwa kufuata ukubwa wa madhara. Yanayomzuia mtu kabisa asitumie tovuti yanatangulia, yanayomchelewesha na kumkera yanafuata.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kugusa chochote

Chukua simu ya kawaida, ikiwezekana ya bei nafuu, kwa sababu simu ya mtengenezaji wa tovuti mara nyingi ni bora kuliko za wageni wake wengi. Zima Wi-Fi, tumia data. Fungua tovuti kwenye dirisha la faragha ili kivinjari kisitumie nakala kilizozihifadhi siku za nyuma. Kisha fanya jambo moja ambalo wageni wako huja kulifanya, kuanzia mwanzo hadi mwisho: kutafuta namba ya simu, kutuma maombi, kununua kitu. Kila unapokwama, andika.

Halafu hamia kwenye kompyuta. Weka kipanya pembeni na utembee kwenye ukurasa kwa kitufe cha Tab na Enter peke yake. Kuza ukurasa hadi asilimia 200, kisha 400, uone kama kuna kitu kinachokatika au kufunikwa. Mwisho, endesha Lighthouse, programu ya kukagua kurasa iliyomo ndani ya zana za wasanidi za Chrome. Itakupa orodha nzuri ya kuanzia, ila usilewe na alama yake: programu inaweza kujua kwamba picha ina maelezo mbadala ya maneno kwa asiyeiona, lakini haiwezi kujua kama maelezo hayo yana maana yoyote kwa anayeyasikia.

Matokeo yaweke kwenye jedwali la safu nne: ukurasa, kitu chenyewe, kiliwekwa kwa nini, nani anaumia. Safu ya tatu usiiruke. Kama hujui kitu kiliwekwa kwa nini, muulize aliyekiweka au anayekitumia, kwa sababu ukurasa unaoonekana kama takataka wakati mwingine ndio ambao watu fulani wameuhifadhi na kuutegemea kila mwezi.

Hatua ya 2: Ukurasa uifuate skrini

Simu janja za mwanzo zilikuta wavuti umejaa kurasa zilizopimwa kwa skrini za mezani. Ili kurasa hizo zisivurugike, vivinjari vya simu vilijifanya kana kwamba vina skrini yenye upana wa pikseli 980 hivi, kisha vikausinyaza ukurasa mzima uenee kwenye kioo kidogo. Hadi leo vinafanya hivyo, mpaka uviambie visifanye. Ndiyo maana tovuti ya zamani ikifunguliwa kwenye simu unaona ukurasa mzima kwa mbali, na herufi zake ni za kukodolea macho. Mstari unaoondoa tatizo hili ni mmoja, na unakaa ndani ya tegi (alama ya msimbo wa ukurasa) ya head:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Sehemu ya kwanza inakiambia kivinjari kwamba upana wa ukurasa ni upana wa kifaa chenyewe. Ya pili inasema usianze ukiwa umekuzwa wala kusinyazwa. Kama kwenye tovuti yako mstari huu upo, usome mpaka mwisho. Ukikuta maneno user-scalable=no au maximum-scale=1, yafute leo hii. Yaliwekwa ili tovuti ijihisi kama programu ya simu, lakini yanachofanya ni kumzuia mtu asikuze maandishi kwa vidole viwili. Mtu anayehitaji kukuza hana njia nyepesi zaidi ya hiyo, na kumnyang'anya kwa ajili ya urembo ni ukatili.

Mwezi Mei 2010 Ethan Marcotte alieleza njia ambayo sasa ndiyo ya kawaida: ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa skrini. Kabla ya hapo wengi walijenga tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, yenye anwani inayoanza na herufi m. Kama bado unayo ya namna hiyo, panga kuziunganisha. Tovuti mbili maana yake ni makosa mawili ya kurekebisha kila mara, na ile ya simu huwa ndiyo inayosahauliwa.

Anza na upana. Popote palipoandikwa upana maalumu, mfano width: 960px, weka max-width ili ukurasa uweze kupungua. Picha zote zipewe max-width: 100%. Kisha bana dirisha la kivinjari taratibu hadi pikseli 320. Pale ambapo maudhui yenyewe yanaanza kubanana, hapo ndipo uweke kanuni ya kubadilisha mpangilio. Usifuate orodha ya vipimo vya simu za matoleo fulani, kwa sababu orodha hiyo huchakaa kila mwaka. Namba 320 haikuokotwa: skrini ya pikseli 1280 iliyokuzwa kwa asilimia 400 hubaki na upana huohuo, na WCAG, miongozo ya kimataifa ya ufikivu, yaani ya kuwawezesha hata wenye ulemavu kutumia tovuti, inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, inataka ukurasa usomeke katika upana huo bila mtu kulazimika kuusogeza kulia na kushoto.

Menyu zinazofunguka kwa kupitisha kipanya juu yake zibadilishwe zifunguke kwa kugusa, kwa kuwa kidole hakina cha kupitisha. Vitufe visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24, kiwango cha chini katika WCAG 2.2 ya mwaka 2023. Mimi naona 44 kwa 44 ndiyo inayomfaa mtu aliyesimama kwenye basi linalotikisika.

Hatua ya 3: Jenga mifupa upya

Tafuta tegi ya table kwenye msimbo. Jedwali lenye ratiba au takwimu libaki, hiyo ndiyo kazi yake. Ninalolisema ni lile jedwali lisiloonekana, lililowekwa ili lishike menyu kushoto, habari katikati na matangazo kulia, mara nyingi likiwa na majedwali mengine tumboni na vipicha vya uwazi vya pikseli moja vya kusukumia nafasi. Håkon Wium Lie alipendekeza CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, mwaka 1994, na W3C ikapitisha toleo la kwanza Desemba 1996, lakini vivinjari viliipokea kwa kusuasua na kila kimoja kwa namna yake. Jedwali likawa kimbilio. Udhuru wa mwisho uliisha Machi 2017, pale Chrome, Firefox na Safari zote zilipoanza kuielewa CSS Grid, sehemu ya CSS ya kupanga safu na mistari, ndani ya mwezi mmoja.

Madhara yake yanaonekana vizuri ukimsikiliza mtu anayetumia kisomaskrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti. Programu hiyo husoma seli baada ya seli kwa mpangilio wa msimbo, kwa hiyo mtu asiyeona anaweza kusikia viungo vyote vya menyu, kisha nusu ya kichwa cha habari, kisha tangazo, ndipo arudishwe kwenye habari. Na kwenye simu, safu tatu za jedwali haziwezi kushuka chini zikapangana. Zinabanana tu.

Fanya hivi. Nakili maudhui ya kila seli bila tegi zake, na kwa kila kipande jiulize ni nini hasa. Menyu iingie kwenye nav, habari kuu kwenye main, ya pembeni kwenye aside, ya juu na ya chini kwenye header na footer. Vipange kwa mfuatano ambao ungevisoma kwa sauti. Sasa zima CSS yote na uutazame ukurasa ukiwa mtupu: kama unasomeka kuanzia juu hadi chini na unaelewa, mifupa imekaa sawa. Hapo ndipo uipe tegi inayovibeba vyote display: grid, na safu za kando kwa kando uziweke kwa skrini pana peke yake. Kwenye simu kila kitu kishuke chini kwa mfuatano uleule.

Ukiwa hapo ndani, ondoa pia font na center. Mwonekano wote uhamie CSS. Ondoa marquee, tegi ya maandishi yanayotembea. Tegi ya blink, ya maandishi yanayowaka na kuzimika, iliyozaliwa kwenye kivinjari cha Netscape katikati ya miaka ya 1990, imeshajifia yenyewe: Firefox iliiondoa mwaka 2013. Fremu nazo, zilizogawa dirisha katika kurasa kadhaa, ziliwekwa kwenye orodha ya vilivyopitwa na wakati HTML5, toleo la tano la lugha ya kujengea kurasa, ilipopitishwa Oktoba 2014. Ziliwahi kusaidia watu wenye intaneti ya polepole wasipakue menyu kila ukurasa, lakini zilivuruga anwani, kiasi kwamba mtu hakuweza kumtumia mwenzake kiungo cha ukurasa anaousoma.

Kuna kosa moja la mifupa linalofanywa hata na wanaoanza leo: kitufe kilichotengenezwa kwa div, tegi ya kisanduku kisicho na maana maalumu. Kinapendeza, kinabofyeka kwa kipanya, lakini Tab inakiruka na kisomaskrini hakijui kama ni kitufe. Tumia tegi ya button. Vivyo hivyo vichwa vya habari: h1, h2 na h3 vifuate ngazi za hoja, na ukubwa wa herufi uuamue kwenye CSS.

Hatua ya 4: Yatoe maandishi kwenye picha na PDF

Tangazo lililochorwa kama picha moja kubwa, lenye tarehe, mahali na namba ya simu ndani yake, halinakiliki, halitafsiriki, halitafutiki, na ukilikuza linafifia. Asiyeona hapati chochote. Zamani hii ndiyo ilikuwa njia ya kupata fonti nzuri. Siku hizi unaweka fonti kwenye seva yako na kuiita kwa @font-face, na maandishi yanabaki maandishi.

Andika upya maneno yote yaliyomo kwenye picha yawe maandishi ya ukurasa, na picha ibaki pambo au iondoke. Picha zenye maana zipewe maelezo kwenye alt yanayosema kile ambacho msomaji angekosa kama picha isingekuwepo. Picha za pambo tupu ziwe na alt isiyo na neno ndani, ili kisomaskrini kizipite. Usiiache alt kabisa, kwa sababu baadhi ya visomaskrini vitasoma jina la faili, na hakuna anayetaka kusikia "IMG 20190412" katikati ya sentensi.

PDF ibaki kwa kilichokusudiwa kuchapishwa. Taarifa ambayo mtu anataka kuisoma tu, iwe ukurasa.

Hatua ya 5: Fomu

Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea, na ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Chukua sehemu moja tu, ile ya namba ya simu, uiangalie kwa karibu.

Katika fomu ya mtindo uliochakaa, ndani ya kisanduku kuna maneno ya kijivu, "Namba ya simu". Ukianza kuandika, yanatoweka. Ukiitwa na mtu ukarudi baada ya dakika mbili, hujui tena kisanduku kilitaka nini. Unaandika namba yako ikiwa na alama ya kujumlisha na nafasi katikati, kama ulivyozoea kuisoma. Unabofya tuma. Ukurasa unapakia upya, juu kabisa kunatokea mstari mwekundu, "Kuna kosa kwenye fomu", na visanduku vyote vimefutika.

Irekebishe hivi. Weka lebo juu ya kisanduku, tegi ya label iliyounganishwa na kisanduku chake, isiyotoweka. Mpe kisanduku type="tel" ili simu ifungue kibodi ya namba, na autocomplete="tel" ili kivinjari kijaze chenyewe. Herufi za ndani ziwe pikseli 16 au zaidi, kwa sababu iPhone hukuza ukurasa ghafla mtu anapogusa kisanduku chenye herufi ndogo kuliko hapo. Nafasi, vistari na alama ya kujumlisha viache vipokelewe, seva ndiyo ivisafishe. Kompyuta inaweza kufuta nafasi kwa mstari mmoja wa msimbo, kwa nini umtume binadamu? Kosa likitokea, ujumbe ukae kando ya kisanduku husika, useme la kufanya: "Namba imepungua tarakimu moja. Tafadhali ihakiki." Alichokwisha kuandika kisiguswe.

Pita kila kisanduku kwa mtindo huo, na kile usichokihitaji kweli ukiondoe. Kisanduku cha jina kisikatae alama ya ritifaa wala jina la herufi mbili, maana watu wanaitwa Ng'ang'a na O'Brien na Li, na fomu inayomwambia mtu kuwa jina lake si sahihi inamtukana.

Nywila zina mabaki yake. Kulazimisha herufi kubwa, namba na alama maalumu, kisha kumtaka mtu abadilishe kila baada ya siku 90, kulionekana kuwa usalama kwa miaka mingi. Mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha kupendekeza kanuni hizo, kwa kuwa watu hujibu kwa kuweka nywila zinazotabirika na kuongeza namba moja mwishoni. Ruhusu nywila ndefu, ruhusu kubandika ili programu za kutunza nywila zifanye kazi, na weka kitufe cha kuonyesha kilichoandikwa. Kitufe cha kufuta fomu nzima, kilichokuwa kikikaa jirani na cha kutuma, kitoe. Herufi zilizopindapinda za kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu nazo zitoe: roboti zinazisoma vizuri sasa, wanaoshindwa ni watu. Kwa fomu ndogo ya mawasiliano, kisanduku cha mtego kilichofichwa, ambacho roboti hukijaza na binadamu hakioni, mara nyingi kinatosha.

Hatua ya 6: Rangi, herufi na kibodi

Si kila kilichopitwa na wakati ni cha miaka ya 1990. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe yalikuja juzi kwa jina la usafi na utulivu, na yamewaumiza wasomaji wengi kuliko marquee. WCAG inataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe kinafika 2.85 tu, hakifai. Ukipenda kijivu, #767676 ndicho kinachopita kwa kuponea, kikiwa na 4.54. Zana za wasanidi za Chrome na Firefox hukuonyesha uwiano huu ukichagua maandishi, kwa hiyo hakuna sababu ya kukisia.

Herufi za mwili wa habari zianze pikseli 16. Zile za 11 na 12 zilitoka enzi za skrini za 800 kwa 600, ambapo kila pikseli iligombaniwa. Mstari usizidi takriban herufi 75, na maandishi yapangwe kushoto. Kuyanyoosha pande zote mbili kwenye skrini nyembamba huacha mapengo katikati ya maneno. Viungo vilivyo ndani ya habari viwe na mstari chini, na visiandikwe "bofya hapa". Anayetumia kisomaskrini anaweza kuita orodha ya viungo vyote vya ukurasa, na "bofya hapa" kumi mfululizo hazimwambii kitu. Andika "Pakua ratiba ya mitihani".

Kisha tafuta kwenye CSS yako maneno outline: none. Aliyeyaweka alichukia ule mzingo unaotokea kwenye kitufe kilichobofywa. Bila mzingo huo, anayetumia kibodi hajui yuko wapi kwenye ukurasa. Ukiona haupendezi, uchore upya kwa :focus-visible, ambayo humwonyesha mtumiaji wa kibodi na kwa kawaida haijitokezi kwenye vitufe vinavyobofywa kwa kipanya.

Hatua ya 7: Punguza uzito

Anza na picha, kwa sababu kwenye tovuti nyingi ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Tuseme mtu amepiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000 na kuipandisha kama ilivyo, halafu ukurasa unaionyesha kwa 400 kwa 300. Picha ina pikseli 12,000,000, panapoonekana ni pikseli 120,000. Mgeni amepakua mara 100 ya alichokiona. Hata ukimpa nakala ya 800 kwa 600 kwa ajili ya skrini zenye msongamano mkubwa wa pikseli, bado umepunguza mara 25.

Tengeneza nakala mbili au tatu za kila picha, zitaje kwenye srcset, sehemu ya tegi ya img, na kivinjari kitajichagulia. Zihifadhi kwa WebP, mfumo wa faili za picha. Google iliutangaza mfumo huo mwaka 2010, na tangu Safari ilipoupokea mwaka 2020 hakuna kivinjari kikuu kisichousoma. Andika width na height kwenye kila tegi ya img ili nafasi yake itengwe mapema. Bila hivyo picha ikifika inayasukuma maandishi chini, na mtu anayekaribia kugusa kiungo anagusa kingine. Picha zilizo chini zipewe loading="lazy", ili zisipakuliwe mpaka mgeni azikaribie. Ile ya juu kabisa usiipe, utaichelewesha bure.

Baadaye geukia JavaScript, lugha inayoupa ukurasa utendaji. jQuery, mkusanyiko wa misimbo yake iliyoandikwa tayari, ilitoka mwaka 2006 na ilikuwa mkombozi, kwa sababu vivinjari vilipishana lugha. Leo vinaelewana, na kama unaibeba kwa ajili ya kufungua menyu tu, mistari mitano ya JavaScript ya kawaida inatosha. Ondoa pia fonti usizozitumia, vitufe vya mitandao ya kijamii vinavyovuta msimbo wa watu wengine, na video inayocheza yenyewe nyuma ya kichwa cha ukurasa.

Lengo lako la kupima: Google inahesabu kuwa vizuri pale sehemu kubwa kuliko zote kwenye skrini inapoonekana ndani ya sekunde 2.5.

Hatua ya 8: Vinavyomrukia mgeni

Ethan Zuckerman aliandika msimbo wa dirisha la tangazo linaloibuka alipokuwa akifanya kazi Tripod, kampuni ya kuhifadhi kurasa za watu, miaka ya 1990. Tatizo lilikuwa la kweli: mtangazaji hakutaka bidhaa yake ionekane ndani ya ukurasa wenye maudhui yasiyomfaa, basi tangazo likatengewa dirisha lake. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Vivinjari vimeshazuia madirisha ya aina hiyo, lakini mrithi wake, pazia linalofunika ukurasa sekunde chache baada ya kuingia na kukutaka ujiandikishe kupokea barua pepe, bado anatamba. Tangu Januari 2017 Google imekuwa ikizishusha kwenye matokeo kurasa za simu zinazofunika maudhui kwa namna hiyo. Ombi lako liweke mwisho wa habari, kwa aliyesoma akapenda.

Ukurasa wa "Karibu, bofya kuingia" futa. Muziki na video zenye sauti zisijianzishe. Chrome yenyewe inazizuia tangu Aprili 2018.

Picha zinazozunguka juu ya ukurasa wa kwanza zinahitaji ujasiri zaidi kuziondoa, kwa sababu tatizo zilizolitatua ni la ofisini: kila idara ilitaka nafasi ya juu, na mzunguko ukawapatanisha. Mgeni hakuwemo kwenye mapatano hayo. Picha ya tatu wengi hawaifikii, na anayesoma taratibu inamponyoka kabla hajamaliza. Chagua ujumbe mmoja. Ukishindwa kabisa, mzunguko usijiendeshe wenyewe, kwani chochote kinachojiendesha zaidi ya sekunde 5 kando ya maudhui mengine lazima kiwe na njia ya kukisimamisha. Na kwa wanaopata kizunguzungu kwa mijongeo, heshimu mpangilio wa prefers-reduced-motion walioweka kwenye vifaa vyao.

Hatua ya 9: Mabaki ya nyuma ya pazia

Haya ni ya haraka. Flash ilikoma kuungwa mkono tarehe 31 Desemba 2020, na tangu 12 Januari 2021 maudhui yake yanazuiwa, kwa hiyo popote ilipo pana shimo tupu. Misimbo maalumu ya Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, haina wa kuitumikia. Toleo la 11 lilistaafishwa 15 Juni 2022. Orodha ya meta keywords, maneno yaliyofichwa kwa ajili ya injini za utafutaji, ondoa, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitazami. Kihesabu cha wageni, bango la "ukurasa unajengwa" na msimbo wa kuzuia kubofya kulia, vyote vitoke.

Tovuti inayoanza na http tupu ihamishie https. Chrome huziandika "si salama" tangu Julai 2018, na Let's Encrypt hutoa vyeti bure.

Hatua ya 10: Pandisha kidogo kidogo

Usibomoe tovuti nzima na kuzindua mpya usiku mmoja. Anza na ukurasa unaotembelewa zaidi, urekebishe kwa hatua 2 hadi 8, uupandishe, kisha nenda wa pili. Likitokea tatizo utajua limetoka wapi.

Anwani za kurasa zibaki kama zilivyo kadiri inavyowezekana. Ikibidi kubadilisha, weka uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, kutoka kila anwani ya zamani kwenda ukurasa wake halisi mpya. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa kwanza ni sawa na kuzifuta, kwa sababu mtu aliyefuata kiungo cha fomu fulani hana haja na salamu zako za karibu.

Mwombe mtu ambaye hakushiriki kazi hii afanye lile jambo ulilolifanya wewe katika hatua ya kwanza, kwa simu yake mwenyewe, nawe ukae kimya kando yake. Usimwelekeze hata akikwama. Pale anaposita, ongeza mstari kwenye jedwali lako. Kwa mwezi mmoja baada ya hapo, pitia kumbukumbu za seva kila wiki ukitafuta makosa ya 404, yaani anwani zisizopatikana, na kila anwani inayojirudia ipe uelekezaji wake.